Kimya Kabla ya Ubeti wa Nne

Anayesema kompyuta imerahisisha kazi hajawahi kumrekodi mama yake mzazi. Kitinda alimrekodi wake kwa karibu miaka mitatu, wimbo mmoja tu, na bado ubeti wa mwisho ulikuwa haujaimbwa.

Si kwamba Mama hakuweza. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na aliutunga enzi hizo mtoto yuko mgongoni na mguu uko kwenye pedali, ndiyo maana mwendo wake ukawa wa cherehani hasa: unaanza polepole, unashika kasi, kisha unatulia kama fundi aliyefika kwenye pindo. Ulikuwa na beti nne. Watoto wake wawili waliujua kabla hawajajua kusema vizuri. Walipokua kidogo wakaona aibu kuusikia mbele za watu, na walipozidi kukua aibu ikawatoka, kama ilivyo kawaida ya watoto.

Wa kwanza alikuwa Kaka. Wa pili alikuwa binti, na kwa kuwa alifunga kizazi, waliitwa wageni wakaambiwa huyu ndiye kitindamimba, na jina likachoka njiani likabaki Kitinda. Baba yao alikuwa fundi bomba, mtu mwema asiyejua kuimba, kupiga makofi, wala kunyamaza wakati wa kunyamaza.

Mambo ya kurekodi aliyaleta Kaka. Alimfundisha mdogo wake kila alichokijua, halafu akapata kazi mbali sana, kwenye ghala la vyakula vya barafu, akaaga kwa mwaka mmoja. Aliondoka na gitaa lake na kompyuta yake. Kitinda akaachiwa maikrofoni na ahadi.

"Wimbo wa Mama tutaumaliza hivihivi kwa mbali," Kaka alimwambia. "Mimi gitaa, wewe sauti. Utaona."

Mwaka ukaisha. Wa pili ukaja, ukaenda. Kaka akawa mtu wa kwenye simu.

Studio ilikuwa chumba cha cherehani, na nikuambie, kuna studio za watu wenye majina zisizokifikia. Nguo za wateja zilizoning'inia ukutani zilinyonya mwangwi wote. Maikrofoni ilifungwa kwa utepe kwenye mpini wa fagio, na mpini ukachomekwa ndani ya ndoo ya mchanga. Mama aliketi kwenye kigoda chake, pini zikiwa bado kifuani, vyombo vya kusikilizia masikioni vikimbana kilemba, na Kitinda akakaa sakafuni na kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu aliyechoka nayo.

Tatizo la kwanza lilikuwa programu. Kaka alitumia moja, Kitinda nyingine, na programu za kurekodi ni kama wakwe wasiopatana, kila mmoja ana lugha yake na hana haja na ya mwenzake. Kazi iliyohifadhiwa huku haifunguki kule. Ukitaka kuihamisha, dawa ni moja: unatoa kila sauti peke yake, gitaa faili lake, mwimbaji faili lake, unazituma sauti tupu, na mwenzako anazipanga upya kwenye programu yake. Sauti husafiri. Maagizo hayasafiri. Kama ulipunguza kitu huku, kule kitakuja na ukubwa wake wa kuzaliwa. Kama ulikizima, kule kitawaka.

Hilo Kitinda alilijua mapema. Mara ya kwanza Kaka alipomtumia kazi, ndani yake mlikuwa na ngoma aliyoipiga kwenye boksi, mbaya, inakimbia mbele kama mwizi. Kitinda alicheka mpaka akalala chini.

"Hiyo nimeizima!" Kaka alilalamika kwenye simu. "Umeisikiaje?"

"Huku haina habari kama imezimwa, Kaka. Imekuja kifua mbele."

Tatizo la pili lilikuwa sifuri. Kila faili, Kaka alisema, lianze sifuri, pale wimbo unapoanzia, hata kama mwenye sauti anaingia baadaye sana. Alieleza vizuri, na ni kweli alivyoeleza: mafaili yote yakianza pamoja, unayapanga mwanzo kwa mwanzo na kila mtu anajikuta mahali pake. Ukikata kimya cha mbele, huyu hajui aingie wapi, na yule anaanza kuimba juu ya kichwa cha mwenzake. Mama alipoelezwa alielewa upesi kuliko Kitinda. "Ni kama kukata vipande vya gauni," alisema. "Usipoacha alama, mkono utaushonea shingoni."

Kwa hiyo kanuni ilikuwa sawa. Ila Kaka aliishika kwa namna ya kuchosha. Kila simu, kila ujumbe: usikate mbele, anza sifuri, usisafishe kitu, niachie mwenyewe. Kitinda alimbatiza Bwana Sifuri, na akamwita hivyo hata mbele ya wazazi.

Sasa fikiria maana yake. Ubeti wa kwanza unaingia baada ya gitaa kujitambulisha kidogo. Wa pili unangoja zaidi. Wa tatu zaidi tena. Kadiri ubeti ulivyo mbali ndivyo kimya cha kabla yake kinavyokuwa kirefu, na Mama ni mtu ambaye kimya kinamwasha mwilini. Gitaa linalia masikioni mwake, mashine inarekodi, yeye anapiga soga.

"Hivi jiko nimezima? Kitinda, nenda kaangalie. Hapana, kaa. Nimezima. Umekula wewe? Na huyo kaka yako huko, anakula kweli?"

"Mama, tunarekodi."

"Si bado sijaingia? Mwambie avae sweta. Ile ya kijani. Anaiacha ndani ya sanduku, namjua huyo."

Mlango ungelia, na Baba angeingiza kichwa. "Mama watoto, spana yangu ndogo umeiona?"

"Tunarekodi!"

"Najua. Ndiyo nauliza polepole."

Halafu angekohoa. Halafu, katikati ya neno, Mama angefumba macho na kuingia kwenye ubeti wake, sawasawa, bila kuhesabu, kama uzi kwenye tundu la sindano. Kitinda hakuwahi kuelewa alifanyaje. Alimpenda mama yake siku zote, lakini dakika hiyo alimpenda kwa mshangao.

Kwenye simu ilikuwa habari nyingine. Simu ilimgeuza Mama mgeni. Alijifunga kanga upya kabla ya kuipokea, akakaa wima, akatoa sauti ya kupokelea watu wa heshima.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani salama?"

"Salama. Kazi je?"

"Nzuri. Afya?"

"Njema. Haya, nakupa dada yako."

Na dada akipewa, mazungumzo yalikuwa mafaili tu. Mama alikuwa akisikiliza kutoka kwenye cherehani yake. Mguu ulikanyaga pedali kwa nguvu kuliko shughuli iliyokuwepo.

Mambo yaliharibika kwenye ubeti wa tatu.

Kitinda alifanya kazi kwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala, na kwa kuwa mtandao wa nyumbani ulikuwa wa kuombea dua, mafaili aliyatuma akiwa dukani. Aliyabeba kwenye flash iliyoning'inia shingoni, na mwenye duka alimruhusu kwa sharti kwamba wateja wasingoje. Siku hiyo wateja walingoja. Foleni ilifika mlangoni, kila mtu na kitambulisho chake cha kutolewa nakala, na faili la ubeti wa tatu lilikuwa linajikokota, linafika nusu, linakatika, linaanza upya. Kitinda akalitazama. Zaidi ya nusu yake ilikuwa kimya. Kimya gani, soga tupu: jiko, spana, goti, kikohozi. Akalifungua, akalikata palepale Mama anapovuta pumzi ya kuimba, na kwa kuwa flash ilikuwa imejaa pomoni, akahifadhi juu ya lile la mwanzo. Likawa jepesi. Likaenda mara moja. Alijiona mjanja.

Jioni Kaka alipiga. Kitinda alikuwa anamsaidia Mama kufumua gauni lililokosewa, mikono imejaa nyuzi, kwa hiyo simu aliiweka mezani na sauti ya nje.

"Kitinda, hiki ni nini?"

"Ubeti wa tatu huo. Kaimba vizuri, au sivyo?"

"Umekata mbele."

"Nimekata kimya tu, Kaka. Lilikuwa zito. Lisogeze mpaka liingie mahali pake, si utalisikia tu linapokaa?"

"Sitaki kusogeza. Nitumie lote."

"Halipo. Nimehifadhi juu yake."

Kisha Kaka, ambaye tangu utoto hakuwahi kumpazia mdogo wake sauti hata alipovunjiwa gitaa lake la kwanza, alipaza.

"Nani kakutuma ukate? Kitu kimoja tu nakuomba miaka yote hii! Kimoja! Beti nitazipata siku yoyote, lakini hicho ulichokikata, nitakipata wapi mimi?"

"Kimya, Kaka? Unanigombeza kwa ajili ya kimya?"

"Basi," alisema. "Basi, yaishe." Akakata.

Mama alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Goti langu hili," alisema, "hajaliulizia hata siku moja. Baba yake kaanguka bafuni, hajui. Lakini kimya anakidai kwa ukali." Akalikunja gauni lililofumuliwa nusu. "Huko sina mtoto tena, Kitinda. Nina mteja. Na mteja wa namna hiyo mimi najua dawa yake, namkunjia kitambaa chake namrudishia. Ubeti wa nne siimbi."

Kitinda alidhani ni hasira za jioni, zitakwenda na jua. Hazikwenda. Kila alipochomeka mpini wa fagio kwenye ndoo, Mama alisema amepoteza sauti. Sauti iliyopotea ilisikika kutwa nzima ikiimba nyimbo za redio, nyimbo za matangazo ya sabuni, kila wimbo duniani isipokuwa ule. Baba alijaribu kumtetea mwanawe, akaambiwa akatafute spana yake.

Kitinda aliumia kuliko alivyoonyesha. Mtu akiwa katikati ya wawili anaowapenda, kila upande humwona ni wa upande wa pili. Aliamini kosa ni lake, na papo hapo aliamini kwamba Mama ana haki: huyu mtu kweli amewasahau, amebaki kupenda wimbo bila mwenye wimbo. Na kama Mama angeamua hivyo moyoni, akafunga mlango huo, hakuna fundi wa kuufungua. Aliwahi kumuona akimfungia dada yake wa damu kwa neno moja la msibani, na mlango haujafunguliwa hadi leo.

Kisha ukaja ujumbe wa Kaka: *Kompyuta yangu inakata roho. Inajizima yenyewe. Nimekutumia folda nzima kabla haijafa, sikupata nafasi ya kuchagua. Malizia wewe huko. Hata bila ubeti wa nne.*

Kitinda alifanya kosa la kuusoma kwa sauti.

"Nilisema mimi," Mama alimjibu, macho kwenye mshono. "Hata wimbo wenyewe kautua."

Kuishusha ile folda kulimchukua Kitinda mapumziko yote ya mchana, kwa siku kadhaa. Aliifungua nyumbani siku ambayo duka halifunguliwi, baada ya chakula, na hakusikiliza kitu kwanza. Alikuwa na hila yake. Alitaka Mama ausikie wimbo wote kwa mara moja, gitaa na beti tatu, na mwishoni pale ubeti wa nne usipokuwepo, auone wenyewe ulivyo uchi. Mshonaji gani atavumilia gauni lisilo na mkono?

Akaingiza mafaili yote kwenye programu yake, mwanzo kwa mwanzo. Gitaa. Mama ubeti wa kwanza. Mama ubeti wa pili. Mengine yalikuwa na herufi moja tu, J, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akadhani ni magitaa ya ziada. Lililobaki lilikuwa ubeti wa tatu, lile lililokatwa, na hilo ilibidi alisogeze kwa mkono mpaka likakaa mahali pake. Hapo ndipo alipoona kwa macho alichokikata. Mbele ya ubeti, kwenye kioo cha kompyuta, palikuwa peupe kwa urefu wa kutisha.

"Mama, njoo usikie tu. Huimbi."

Mama akaja na mikono kifuani, akaketi. Baba akaja pia, akasimama mlangoni. Kitinda akabonyeza.

Chumba kilijaa sokomoko. Gitaa lilianza, lakini juu yake Mama wawili walizungumza kwa mpigo, mmoja anauliza jiko, mwingine anauliza sweta, Baba anakohoa hapa na kutafuta spana kule. Mama mwenyewe alishtuka.

"Mbona nina mdomo hivyo?"

"Ni soga zako za kabla ya kila ubeti," Kitinda alisema, akihangaika kuzima. "Kaka alikuwa amezizima kwake, huku zimewaka. Ngoja."

Lakini mkono ulisita. Ndani ya zile kelele palikuwa na mtu mwingine. Mwanamume, sauti ya chini, ya karibu, ya mtu anayeongea na blanketi limemfika kidevuni. Kitinda akasimamisha kila kitu. Akaacha mawili tu yasikike, ubeti wa kwanza na ile J ya kwanza, akarudi sifuri.

Gitaa halikuwepo. Ilikuwepo sauti ya Mama, ya miaka miwili na zaidi iliyopita: *Hivi jiko nimezima?*

*Umezima, Mama,* alisema Kaka. *Huwa unazima.*

*Umekula wewe? Na huyo kaka yako huko, anakula kweli?*

*Nimekula. Kiporo, lakini nimekula.*

*Mama watoto, spana yangu ndogo umeiona?*

*Iko mfukoni mwako, Baba.*

Baba, pale mlangoni, alipapasa mfuko. Ilikuwamo. Aliitazama mkononi kana kwamba ameletewa na ndege, na hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Kitinda akaenda kwenye ubeti wa pili na J yake.

*Mwambie avae sweta. Ile ya kijani.*

*Nimeivaa hapa nilipo, Mama. Viwiko vimeisha. Siivui.*

*Goti langu leo limeamka na mimi.*

*Pole, Mama. Likande na maji ya moto, usijikaze. Na usikae sana kwenye cherehani. Najua hunisikii.*

Aliulizia, kumbe, na J ilikuwa jibu. Muda wote aliulizia. Kitinda akajua sasa kwa nini kaka yake aling'ang'ania sifuri kama dini. Faili likianza sifuri, swali la huku na jibu la kule vilikutana palepale, bila kupishana. Yeye aliona kimya. Mwenzake alikuwa amepata pa kukaa na mama yake.

Ikabaki ya tatu. Kitinda aliogopa kuibonyeza, na akaibonyeza.

Mama hakusikika. Alikuwa amekatwa. Kaka alisikika anapumua. Kisha:

*Leo hamna kitu, Mama. Dada kakukata. Nimekaa nakusubiri, nimerudia mara ngapi sijui. Nitajibu kwa kubahatisha. Nimekula. Sweta ninayo.* Alicheka kidogo, akakohoa kikohozi kilekile cha Baba. *Nimemfokea dada, na hana kosa, hajui. Kwenye simu siwezi kusema haya. Kwenye simu unaniuliza kama mgeni na mimi nakujibu kama mgeni. Huku unanifokea sweta. Nikitoka ghalani nawawasha, mnaongea, najibu, napata usingizi. Nilisema mwaka mmoja. Kila nikitaka kurudi naona haya. Nitaupita vipi ule mlango mikono mitupu, na majirani wote wanajua nilikokwenda? Basi. Naona unakaribia kuimba. Imba, Mama.*

Na Mama wa kwenye kompyuta akavuta pumzi, akaimba ubeti wa tatu.

Ubeti ukaisha. Baba alikuwa ametazama ukuta, akiichunguza nguo ya mteja asiyemjua. Mama alijifuta uso kwa kitambaa kilichokuwa karibu, kikawa cha bi harusi wa mtu, na hakujali.

"Sikuuliza kama amekula," alisema. "Siku ile. Mambo ya chakula niliyauliza siku ya kwanza."

"Uliuliza nini, Mama?"

Kitinda hakukumbuka. Aliyekata ni yeye, na hata hakusikiliza anachokikata. Hilo lilimuuma kupita yote.

Mama alizichomoa pini kifuani zote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya kuimba, akakifunga kilemba upya, akanyoosha mkono.

"Nipe hivyo vya masikioni. Uwashe mashine yako. Kutoka sifuri."

Kitinda alichomeka fagio kwenye ndoo. Mchanga ukamwagika sakafuni. Kompyuta ya Kaka ilikuwa imekufa, lakini sauti tupu hufunguka popote, hata kwenye simu ya mkononi. Akarudisha mstari wa sauti mwanzo kabisa, akabonyeza, akamwonyesha Mama kwa kichwa.

Gitaa liliingia masikioni mwa Mama peke yake. Chumbani palikuwa kimya. Ubeti wa nne ulikuwa mbali, mbali kuliko yote, na safari hii Mama hakulikumbuka jiko. Alisogea mpaka pua ikakaribia maikrofoni.

"Mwanangu," alisema, na haikuwa sauti ya wageni. "Ni mimi. Siku ile nilikuuliza unarudi lini, dada yako akakata, msamehe, alikuwa na wateja. Nakuuliza tena. Na habari ya mikono mitupu usinitajie mimi. Ulipotoka tumboni mwangu ulikuwa umebeba nini? Nilikupokea hivyohivyo, uchi, unalia, na nilifurahi mpaka mkunga akanionya." Alivuta pumzi. "Majirani nitawashonea midomo. Unarudi lini?"

Akanyamaza.

Kitinda alisubiri aendelee. Hakuendelea. Alikaa wima, mikono mapajani, macho kwenye ile maikrofoni ya kwenye fagio, na mstari kwenye kioo ukazidi kusogea, mweupe, mtupu. Mama huyu ambaye kimya kilimwasha mwilini alikiacha kipite, kingi, bila kukigusa.

Mlangoni Baba alifungua mdomo, ama akohoe ama aulize kitu. Mama aliinua kidole kimoja bila kugeuka.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Mtoto anajibu."